Nyimbo za Watu na Nyimbo za Chebet

Mlipokuja kwangu juzi, nyinyi wa kikundi kipya cha maigizo, mlinikuta nikipepeta maharagwe nikawajibu ovyo. Mliuliza kama mchezo wenu wa kuimba utumie nyimbo ambazo kila mtu tayari anazijua, au mtunge zenu. Nikasema fanyeni mnavyotaka, mradi msinivurugie maharagwe. Yule mrefu mwenye nywele za kusokotwa alicheka, nadhani akaona nazeeka vibaya. Ukweli ni kwamba niliogopa. Swali hilo liliwahi kunifungia ndani ya ukumbi pale Bungoma, mlango umezibwa na wanaume. Sasa maharagwe yameisha, kwa hivyo tulieni niwaambie.

Kwa wasionijua, mimi ndiye Mama Kinanda. Jina la ubatizo ninalo, lakini miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, kati ya Kitale na Bungoma, hakuna aliyelitumia. Nilipiga kinanda na kufundisha nyimbo katika kikundi cha Baba Ciku. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kitale, mchana anauza mabati na misumari, wikendi anauza michezo ya kuigiza. Wazazi wake na wangu walitoka mkoa wa Kati wakaja kulima Trans-Nzoia wakiwa na jembe na Biblia, kwa hivyo tulielewana hata tukigombana. Na tuligombana sana. Lori lilikuwa lake, vipaza sauti vyake, mavazi yake, na neno la mwisho pia lilikuwa lake.

Baba Ciku alipenda mchezo wa nyimbo za watu. Unachukua nyimbo ambazo kila mtu ameshazicheza arusini na kuzisikia redioni, unazishona kwa hadithi, unabandika karatasi za matangazo kwenye kuta za soko, watu wanajaa. Kazi ya kushona ilikuwa yangu, na msidhani ni kazi ya mchezo. Nyimbo za mapenzi za zamani kila moja ina msichana wake mwenye jina. Kuna mchezo tuliocheza Kitale ambao mpenzi wa shujaa alianza akiitwa Anyango, alipofika katikati akawa Rukia, na siku ya harusi akaolewa kama Selina. Mama mmoja wa mstari wa mbele aliuliza kwa sauti, "Kwani huyu kijana anaoa wangapi?" Ukumbi mzima ukacheka mpaka shujaa mwenyewe akasahau maneno. Baba Ciku hakujali hata kidogo. Aliniambia wamecheka, wameimba, wamerudi nyumbani wamefurahi, mimi nataka nini tena.

Nitawapa ujuzi kidogo hapa, halafu tuendelee. Ukipiga noti mbili za wimbo unaopendwa, watu watapiga kelele za furaha kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Zungusha ule mwanzo mpaka watulie, la sivyo ubeti wa kwanza utamezwa wote. Pia shusha sauti ya wimbo chini ya pale ulipozoeleka, kwa sababu anayeimba ni ukumbi mzima, na wengi wametoka shambani koo zimekauka. Na macho yako yakae jukwaani. Hilo nilifundishwa na mwalimu wa kwaya wa kanisa letu kule Moi's Bridge, mwanamume mfupi mkali kama pilipili. Akikukuta unatazama vidole vyako anavigonga kwa kitabu cha nyimbo. Nilimchukia miaka mitatu, kisha siku moja macho hayo yakaniokoa, mtaona.

Basi, akaja Chebet.

Alitoka miteremko ya Mlima Elgon, kwao wanalima vitunguu na viazi. Tulimchukua aimbe na waitikiaji wa nyuma. Hakuwa na sauti kubwa, ila alikuwa na tabia ya kuimba kitu kisichojulikana kila akipiga pasi mavazi. Siku ya kwanza nilidhani ni wimbo wa kwao. Siku ya pili nikamuuliza.

"Huo ni wa nani?"

"Sijui kama ni wa mtu, Mama. Umekuja tu."

Nikamwambia anipe pasi, akae chini pale pale aimbe wote. Alipomaliza nilikuwa na pasi ya moto mkononi na nimesahau kuiweka. Katika miezi iliyofuata alitunga mchezo mzima, nyimbo zote mpya. Ulimhusu mama mwenye kinu cha kusaga unga pale Misikhu, ambaye mumewe alikwenda kutafuta kazi mbali akakawia kurudi, na majirani wakaanza kumshauri amsahau. Wimbo mkuu ulikuwa wa mama huyo jioni akiwa peke yake:

*Usifunge mlango wote,*
*acha nusu, acha nusu.*
*Upepo ukiingia nitajua si wewe,*
*ukiingia wewe nitajua si upepo.*

Ile "nusu" ya pili aliipandisha juu, ikabaki hewani kama mtu anayeuliza. Sikuwahi kusikia mtu akifanya hivyo. Mimi niliyezoea kushona vitambaa vya watu nilimwonea wivu, halafu nikampenda.

Baba Ciku alisikiliza nyimbo zote akiwa amesimama nyuma ya ukumbi, mikono mfukoni. Zilipoisha alikuja mbele.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini watu hulipa waimbe, Chebet. Hawalipi wafundishwe. Si hapa si shule, bana."

"Mzee, hizo unaita za watu pia zilikuwa mpya siku moja. Kuna mtu alizitoa kwa kichwa chake."

"Basi huyo mtu alishaumia kwa niaba yetu. Ya nini tuumie mara ya pili?"

Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu alisema vizuri. Chebet hakucheka. Alimtazama tu mpaka Baba Ciku akaanza kujikuna shingo. Ndipo Mzee akatoa masharti yake mbele yetu sote. Atampa onyesho moja, Bungoma, Jumamosi alasiri. Watu wakianza kutoka kabla ya mapumziko, nyimbo za Chebet zitaondolewa zote, ziingie zinazojulikana, naye arudi nyuma na wenzake. Wakikaa, mchezo utabaki wake na tutauzungusha miji yote.

"Sawa," Chebet akasema. Baadaye tukikunja mapazia aliniambia kitu ambacho hakumwambia Baba Ciku. "Mama, zikitoka, mimi sitatunga tena. Siwezi kuzaa halafu nizike kila mara." Alisema kwa utaratibu sana, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilijua namna ya kumsaidia, kwa kuwa nilishajaribu. Wimbo mpya haufai kuangushwa juu ya watu kama mzigo. Unaupandia. Watu wakiwa wanatafuta viti, unaucheza polepole bila maneno. Mwigizaji akipita na ndoo, unaupiga tena kidogo tu. Mara ya tatu unaupenyeza chini ya mazungumzo. Wimbo wenyewe ukiimbwa, kila mtu anahisi anaujua toka zamani, wala hajui ni wewe uliyemdanganya. Nyinyi mna kila kitu ndani ya simu siku hizi, lakini hili simu haitawafanyia.

Kumbe Bungoma siku hiyo hakukuwa na stima. Tulifika, ukumbi giza, jenereta yetu ikakohoa ikanyamaza. Kinanda changu kilikuwa ubao mtupu. Watu waliingia, wakatafuta viti, wakakaa, wakaanza kujipepea, na mimi mikono juu ya magoti. Stima ilirudi wakati pazia linafunguliwa. Kwa hiyo nyimbo za Chebet ziliingia kwenye ukumbi ambao haukuwa umeonja chochote.

Sijui niwaelezeje ule ukimya. Watu wa Bungoma wana adabu, hawakuzomea. Wimbo wa kwanza uliisha, wakapiga makofi kidogo ya kanisani. Wa pili uliisha, nikasikia mtu akikunja gazeti. Wa tatu, wanawake wawili karibu na mlango walianza kukusanya mifuko yao chini ya kiti. Nilitazama upande wa pazia. Baba Ciku alikuwa amesimama pale, jasho limemshika, macho kwenye mlango. Jukwaani Chebet, aliyecheza mama wa kinu, naye alikuwa akiutazama mlango ule ule. Bado kidogo tufike kwenye wimbo wa mlango nusu. Niliomba Mungu wale wanawake wawili wakae dakika chache tu.

Kabla ya wimbo huo kulikuwa na ngoma ya mavuno. Wasichana wetu walicheza wakitikisa kengele za chuma tulizonunua soko la Bungoma, zile ambazo vijana wa Kibukusu hutikisa wakati wa tohara. Mwigizaji wetu mkuu, Wafula, mtu wa Bungoma, alikuwa ameguna juu ya kengele hizo tangu mwanzo. Tukamwambia ni mapambo tu.

Ngoma ilipokuwa katikati, mwanamke mmoja mlangoni aliinuka. Hapo Baba Ciku akashindwa kuvumilia masharti yake mwenyewe. Alichukua kipaza sauti cha akiba, akaingia jukwaani na koti lake la dukani, akasema, "Haya watu wa Bungoma! Sasa ule wenu wenyewe!"

Akaanza kuimba.

Mjue kwamba Baba Ciku alinunua mahindi Misikhu kila msimu, na mwaka wa tohara alilala ndani ya lori akingoja kupakia. Alfajiri moja aliwasikia Wabukusu wakipita na kijana wa kutahiriwa. Wimbo ule ulimkaa kichwani. Aliupenda, akawa anaupiga mluzi dukani kwake Kitale, na kwa hesabu yake wimbo unaojulikana na kila mtu ni mali ya kila mtu. Siutaji kwa jina, na nyinyi msije mkauulizia kwangu. Mpiga ngoma wetu, aliyezaliwa Kitale mjini, akaupokea. Wasichana wakaongeza kengele.

Mimi vidole vilikuwa vinashuka kwenye kinanda. Lakini macho yalikuwa jukwaani, nikamwona Wafula. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtu mwingine. Nikarudisha mikono kifuani.

Ukumbi ulisimama. Hawakusimama kwa fujo. Wanaume waliinuka mmoja mmoja, mstari kwa mstari, wameshika viti vya mbele yao, kimya. Wanawake waliinama, wengine wakawavuta watoto kifuani. Yule aliyekuwa anatoka alisimama pale pale, na vijana kama sita wakapita nyuma yake wakajipanga mlangoni. Baba Ciku alikuwa bado anaimba, anatabasamu, amedhani wanainuka kucheza.

Mwanamume mmoja wa mstari wa tatu, mwenye sweta ya kijani, alitoka akasimama chini ya jukwaa. Hakupaza sauti.

"Nani anatahiriwa?"

Baba Ciku akakatiza. Ngoma ikazima. Kengele moja ililia kidogo, kisha nayo ikanyamaza.

"Ni mchezo tu, mzee wangu," Baba Ciku akasema. "Tunafurahishana."

"Hapana. Huo si wa kufurahisha. Umeuita, sasa unaachia njiani. Mimi nauliza, kijana yuko wapi?"

Wafula alikuwa amesogea karibu na kinanda changu. Alininong'oneza bila kugeuza kichwa. "Mama, huo unaimbwa siku moja tu, alfajiri, tukimtoa kijana mtoni amepakwa matope. Ukiimbwa, kisu kiko mbele. Mwaka huu ni wa kuruka, hatutahiri. Hakuna kisu, hakuna kijana."

"Sasa tufanye nini?"

"Hata mimi sijui. Kuendelea hatuwezi, na kunyamaza ndiyo hii."

Macho ya ukumbi yalianza kumpitia kila mwanamume wetu, mmoja baada ya mwingine, na yakamkalia mpiga ngoma. Alikuwa kijana mwembamba. Akaviweka vijiti chini ya paja. Mtu wa nyuma alisema kitu kwa Kibukusu, wengine wakaguna kumwitikia. Nilihesabu milango nikapata ule ule mmoja. Nawaambia kweli, niliogopa kuliko siku niliyojifungua mtoto wa kwanza.

Baba Ciku alianza maneno mengi. Ati yeye ni rafiki wa Bungoma, ati ananunua mahindi hapa, ati watu wote ni ndugu. Kila neno lilizidi kumzamisha. Ndipo Chebet akatoka pembeni mwa jukwaa alikokuwa amekaa na unga wa mchezo usoni. Alimpita Baba Ciku kama mtu ambaye hayupo. Alikwenda kwa wasichana, akatoa kengele mikononi mwao moja moja, akazifunga ndani ya leso aliyojitanda mabegani zisilie. Akapiga magoti ukingoni, akazishusha mbele ya yule mtu wa sweta ya kijani.

"Baba, hakuna kijana," akasema. "Tumeimba kitu si chetu. Hata kwetu mlimani kuna zile haziguswi, mimi ningepaswa kujua. Chukueni vitu vyenu."

Yule mtu akaiinua leso, akampa aliye nyuma yake.

"Na nyinyi mnabaki na nini?"

"Zetu. Hamzijui. Mmekuwa mkizisikia toka saa ile na najua hamzipendi."

"Sisi hatujasema hatupendi," akasema. "Tulikuwa bado tunasikiza."

Chebet aliniangalia. Nikaweka mikono kwenye kinanda, akatikisa kichwa, hapana. Aliimba akiwa bado amepiga magoti, bila chombo. Usifunge mlango wote, acha nusu, acha nusu. Sauti ilimkatika mwanzoni, akaanza tena. Wanaume wote walikuwa wamesimama na hawakukaa. Vijana walikuwa bado mlangoni. Wimbo ulikwenda katikati yao bila mtu kuupokea wala kuukataa, na mimi nilikuwa nalia machozi yanaangukia kwenye kinanda. Aliporudia mara ya tatu, yule mwanamke aliyekwama karibu na mlango, mfuko begani, alianza kuufuata kwa mdomo uliofungwa.

Ulipoisha hakuna aliyepiga makofi. Mtu wa sweta ya kijani alirudi kwenye kiti chake, akaketi, na ukumbi ukaketi naye.

"Haya endeleeni," akasema.

Tukaendelea mpaka mwisho. Sikumbuki nilipiga nini.

Jioni tukipakia lori nilikuwa nimeanza kupumua, hata nikamtania Wafula kwamba uso wake ulitisha kuliko ule umati. Nilikuwa na hakika Chebet ameshinda. Hakuna aliyetoka kabla ya mapumziko. Hakuna aliyetoka kabisa. Nilimwambia Baba Ciku hivyo, kwa sauti, wote wasikie.

Alikuwa anakaza kamba za turubai.

"Hawakutoka kwa sababu mlango ulikuwa umezibwa, Mama Kinanda," akasema. "Na kabla uzibwe, walikuwa wanatoka. Niliona kwa macho yangu."

"Na ule wimbo? Si huyu msichana ndiye ametuokoa leo?"

"Ametuokoa. Nitamshukuru mpaka nife. Lakini mimi siwezi kuuza mchezo ambao watu wanakaa juu ya kufungiwa. Nyimbo zinatoka."

Nilimtukana. Maneno yenyewe sitayataja, wajukuu wangu wanasikia. Wafula alirusha kiti ndani ya lori kikavunjika mguu. Chebet peke yake ndiye aliyebaki mtulivu. Alisema, "Sawa, Mzee," akapanda nyuma ya lori, akafunika mabega kwa kitambaa cha pazia kwa kuwa leso ilikwenda na kengele. Tulipofika Kitale aliteremka na mfuko wake, na Jumatatu akarudi mlimani kulima vitunguu.

Mtataka niseme Baba Ciku alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Aliogopa kumbi tupu kama wengine wanavyoogopa njaa, na hakuwahi tena kuimba asichojua kinatoka wapi. Lakini nilikasirika, na bado nimekasirika, na nikimkuta mbinguni tutaanzia hapo hapo kwenye lori. Tuliucheza mchezo wa mama wa kinu kwa nyimbo za watu, ukumbi baada ya ukumbi ukajaa. Mimi nilipiga, tena kwa bidii, maana hiyo ndiyo kazi. Mkitumia nyimbo zinazojulikana, mwiteni kwanza mtu wa mji mnaokwenda, mketi naye, mumuulize wimbo huu huimbwa wakati gani, na nani, na nani haruhusiwi. Msimuulize tu kama anaujua. Wimbo unaojulikana na wengi una wenyewe wengi, na wote wanaweza kusimama siku moja.

Mkitunga wenu, sina dawa. Unautoa kifuani unauweka mbele ya watu wanaojipepea kwa gazeti. Chebet hakutunga tena. Nilimwandikia, nikampigia simu kila alipopata mtandao kule juu, nikamtumia hata kaseti tupu arekodi. Aliniambia kaseti ameirekodia mahubiri.

Miaka ikapita. Nikaacha kazi, goti likaanza kulalamika, Wafula akawa mtu mzima mwenye tumbo. Dada yake mdogo alipoolewa, nyumbani kwao Naitiri, upande huo huo wa Bungoma, alitualika mimi na Chebet. Chebet alikuja na gunia la vitunguu kama zawadi, amenenepa kidogo, anacheka kwa urahisi. Tulikula, tukacheza, wakati wa kumtoa bibi arusi nyumbani kwao ukafika. Kina mama wakajipanga pande mbili kutoka mlango wa nyumba hadi lango la boma, wakashikana mikono. Mmoja akaanzisha.

Usifunge mlango wote, acha nusu, acha nusu.

Kina mama wote wakaupokea. Walikuwa wamebadilisha maneno kidogo, mume aliyepotea hayumo tena. Sasa ni mama anamwimbia binti anayeolewa, kwamba hata akienda kwa watu, kwao hapatafungwa kabisa. Walipiga makofi mahali ambapo sisi hatukuwahi kupiga. Niligeuka kumtazama Chebet. Mdomo wake ulikuwa wazi. Kisha naye akaanza kuimba, taratibu, na alipofika kwenye "nusu" ya pili akaipandisha juu kama alivyoitunga.

Mwanamke aliyekuwa kando yake, mama kijana mwenye kitambaa cha njano kichwani, akamgusa mkono kwa upole.

"Mama, hapo hatupandi. Hapo tunashuka. Wewe si wa huku, ndiyo maana."

Damu ilinipanda. Nikafungua mdomo niseme, unajua unamsomesha nani wewe, na Chebet akanifinya kifundo cha mkono kwa kucha, kwa nguvu, mpaka nikanyamaza.

"Ni wimbo wa nani?" akamuuliza yule mama.

"Wa nani tena? Ni wetu tu. Si tumewasikia mama zetu wakiimba."

"Nifundishe basi."

Yule mama akamfundisha. Alimwimbia mstari polepole, akamngoja aurudie, akamwonyesha kwa kiganja pale sauti inaposhuka, kama unavyomfundisha mgeni unayemtakia mema. Chebet alikosea mara mbili, sauti yake ilizoea kupanda. Mara ya tatu ikashuka.

"Eeh, sasa umeshika," akasema yule mama, akageuka mbele.

Chebet alikuwa analia, na uso wote unacheka. Tulimsindikiza bibi arusi mpaka barabarani, Chebet akiimba kwa sauti kuliko wote, na kila alipofika pale alishuka.